Baba Mkwe Nyuma ya Ubao

Kilichotutesa pale kiwandani ni herufi a. Zile herufi za risasi zilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza hakihitaji a nyingi kama Kiswahili. Mpangaji wetu wa herufi akishapanga kurasa chache tu, kisanduku cha a kinabaki kitupu. Basi kurasa hizo lazima zisomwe, zisahihishwe, zipigwe chapa, halafu zibomolewe, herufi zirudi visandukuni, ndipo apange nyingine. Nikichelewa kusoma, mashine inasimama na kiwanda kizima kinanitazama mimi. Na ukurasa ukishabomolewa, kosa lililopita limepita.

Nilikuwa msomaji wa prufu, katikati ya miaka ya sabini, katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Mbeya. Prufu ni ile karatasi ya majaribio inayotolewa kabla ya kupiga chapa yenyewe, na kuisoma kunataka watu wawili. Mmoja anashika kitabu cha asili na kukisoma kwa sauti, maneno na alama zake zote: herufi kubwa, mkato, nukta, aya mpya. Wa pili anashika penseli na kufuata kwenye prufu. Yakilingana, anasema "endelea". Yasipolingana, anasema "rudia". Mwenye penseli nilikuwa mimi. Anayesoma alikuwa msichana mmoja mchangamfu, tulizoeana mpaka tulikuwa tunacheka katikati ya nukta na mkato.

Mwaka huo tulipewa kazi ya kuchapa upya kitabu cha zamani cha kilimo na ufugaji wa milimani, kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Nakala tuliyoletewa ilikuwa imekaa darini ikanyeshewa. Ukungu umeingia, kurasa zimeshikamana, wino umefifia. Mpangaji herufi alikuwa anapanga kile anachodhani anakiona. Palipo na m yeye aliona r na n. Herufi h iliyofutika kichwa aliiona n. Mahali pengine aliruka mstari mzima kwa sababu mistari miwili ilianza na neno moja. Nikimwambia, ananijibu, "Dada, mimi ni fundi, si mganga." Nami nikikitazama kitabu chenyewe, sioni zaidi yake.

Halafu yule mwenzangu akaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Nikabaki peke yangu na penseli na kitabu kisichosomeka.

Meneja wetu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye haraka. Siku moja akaingia chumbani kwangu anasugua mikono.

"Ndugu, tumepona," akasema. "Nimempata mzee mmoja wa Tukuyu, mwalimu mstaafu. Kitabu anacho, kizima, hata jalada lipo."

"Atakuazima?"

"Haazimi. Anasema vyote alivyowahi kuazimisha havikurudi. Atakuja nacho mwenyewe na atakusomea mwenyewe."

Nikamuuliza ni mzee gani. Akanitajia jina, nami nikaweka penseli mezani.

Jina hilo mimi siruhusiwi kulitamka. Hata leo silitamki, na msidhani ninaficha kitu. Alikuwa baba yake mume wangu. Kwa Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, hataji jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia na kujificha kwenye migomba mpaka apite. Mimi ni Mhehe, kwetu ni Mufindi, unashukia Nyololo. Kwetu mkwe unamheshimu, unapiga goti, unamwandalia maji ya kunawa. Humkimbii. Nilipoolewa nikaambiwa nijifunze kukimbia, na nilijifunza, ingawa moyoni nilikuwa nasema haya ni mambo gani. Miaka yote ya ndoa nilimjua mzee yule kwa kikohozi chake na kwa koti lake nikilitazama kwa nyuma.

Isipokuwa siku moja tu. Mwaka ule ule wa harusi nilitoka kisimani na ndoo kichwani, kona ya migomba, tukakutana uso kwa uso. Mama mkwe aliona. Na kwa kuwa miaka ilipita na mimi sikupata mtoto, mama mkwe alikuwa na hakika ya sababu. Mwiko ulivunjwa pale kisimani, tumbo likafunga. Alisema hivyo msibani, alisema sokoni, alisema hata kanisani wakati wa kutoka. Wifi zangu wao walikuwa wakinitania tu, kama Wahehe tunavyotaniwa kwamba tunakula mbwa, "Mhehe huyu tumpikie mbwa pengine atazaa," na mimi nawajibu, "Mleteni, lakini mkia mtakula ninyi." Utani sikuujali. Nilimjali mama mkwe kwa sababu yeye hakuwa anatania.

Jioni ile nilimsubiri mume wangu nimweleze habari ya kiwandani. Alikuwa karani kwenye ujenzi wa reli, tumepanga vyumba viwili Iyunga. Aliingia, akanawa, akakaa, na kabla sijafungua mdomo akasema yeye kwanza.

"Mama ameitisha kikao cha ukoo. Jumapili."

"Cha nini?"

"Unajua cha nini."

"Sijui. Niambie wewe."

Akamega ugali, akaurudisha sahanini. "Wanasema urudi kwenu kidogo. Upumzike."

"Nipumzike na nini? Kuna mtu nimemwambia nimechoka?"

Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya mama yake alikuwa anakunjika. Nilijua kurudi kidogo ni nini. Ni kurudishwa. Unapandishwa basi na sanduku lako, na mwaka unaofuata unasikia harusi. Nikamuuliza, "Na baba anasemaje?"

"Baba hajasema. Baba akisema, ndiyo imekwisha."

Hapo ndipo nilipomwambia nani anakuja kiwandani kesho kunisomea. Akasema nisiende. Nikamwambia nisipokwenda kazi imepotea, na nikirudishwa Mufindi bila mume wala kazi nitakula nini, mawe? Tukalala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Asubuhi nikamweleza meneja. Alisikiliza, akakuna kichwa. "Kwetu Tanga mkwe anakaribishwa chai," akasema.

"Kamkaribishe wewe," nikamjibu. "Mimi nikionwa naye, Jumapili sina nyumba."

Alikuwa mtu wa busara, hakucheka. Akaenda kumpokea mzee stendi, akamweleza kila kitu, na mzee, kwa alivyoniambia meneja baadaye, aliitikia kwa kichwa tu na kusema, "Panapo ubao, pana heshima." Chumba changu cha kusomea kilitenganishwa na stoo ya karatasi kwa ubao mwembamba usiofika darini. Wakamwekea mzee kiti na meza stoo, kati ya marobota ya karatasi. Atapitia mlango wa mbele, mimi nitapitia wa nyuma, penye mapipa ya mafuta ya taa ya kuoshea herufi. Alale kwa ndugu yake Mbalizi, kwani kwa mwanawe hawezi kulala, mimi nipo. Mimi kumsikia si kosa. Kumjibu ndilo kosa. Basi nikamwambia meneja amweleze hivi: nikigonga ubao kwa penseli mara moja, nimepata, aendelee. Nikigonga mara mbili, arudie.

Kisha sauti yake ikaanza. Ilikuwa sauti ya mwalimu wa zamani, nzito, haina haraka. "Herufi kubwa. Mlima una faida zake, mkato, na una madai yake, nukta." Huyu ndiye mtu niliyejificha asinione miaka yote ile. Na huyu ndiye ambaye Jumapili angefungua kinywa mara moja tu na maisha yangu yangekwenda upande mmoja au mwingine. Nilikuwa naogopa, sisemi uongo. Alama zangu pembeni mwa prufu zilionekana za mtoto.

Kichwani nilikuwa na jambo moja: amekuja kunipima. Haiwezekani mzee atoke Tukuyu na baridi yote ile, alale nyumba ya watu, kwa sababu ya kitabu. Amekuja asikie mke wa mwanawe ni mtu wa namna gani kabla hajatoa neno. Kwa hiyo nilitaka nisikosee hata kidogo, na ukitaka usikosee hata kidogo ndipo unapokosea. Siku ya kwanza niligonga mara mbili kila baada ya sentensi chache. Makosa yalikuwa mengi kweli, lakini mengine nilirudisha kwa hofu tu. Mwisho nikasikia kiti chake kinasogezwa, na akamwita meneja.

"Mwambie huyo aliye huko," alisema, "mimi nimefundisha kusoma tangu kabla ya vita. Kama ana shaka na usomaji wangu, aseme."

Meneja akazunguka kwangu. Sikuweza kusema, angenisikia. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi: shaka si kwake, shaka ni kwa mpangaji aliyepanga bila kuona. Meneja akarudi stoo, akakisoma kwa sauti. Halafu mzee akasema, "Mwambie sawa." Meneja akatoka anafuta jasho na ile baridi ya Julai, analalamika kwamba amesomea uchapaji, hakusomea ushenga.

Baada ya hapo tulikwenda vizuri, na hilo likaniongezea hofu. Alianza kujua mwendo wangu. Akifika kwenye neno refu anapunguza. Akiona mistari miwili inayoanza sawa, anatua kidogo, kana kwamba anajua mpangaji ameruka pale, na kweli ameruka. Nikawa nakamata makosa kabla hajamaliza sentensi. Kulikuwa na raha ndani yake, ile raha ya kazi inayokwenda, halafu nakumbuka Jumapili na raha inakatika. Siku zilikuwa zinakwisha pamoja na kurasa.

Jumatano mvua isiyo ya msimu ilinyesha jioni. Nilisikia ameondoka, nikangoja, nikatoka kupeleka prufu kwa mpangaji. Nikiwa katikati ya ukumbi wa mashine, mlango wa mbele ukafunguliwa. Alikuwa amesahau mwavuli. Niliona ncha ya kiatu chake tu. Nikajitupa nyuma ya marobota, nikapiga magoti kwenye wino uliomwagika, kanga kichwani. Mafundi wote wakanyamaza, mashine ikawa inanguruma peke yake. Nilichungulia kwa jicho moja. Hakwenda kwenye mwavuli. Alikuwa amesimama amegeukia ukuta, paji la uso karibu liguse chokaa, mikono nyuma, anakohoa kile kikohozi chake, akinipa nafasi nipite. Koti lake lilikuwa na kiraka mgongoni.

Nilipita. Nilifika chumbani kwangu na hasira zikanipanda ambazo sikuzitegemea. Nilikasirika na mwiko, na mama mkwe, na ndoo ya maji ya kisimani, na mume wangu anayekunjika. Na huyu mzee anajua kunigeuzia mgongo kwa adabu yote, lakini Jumapili atakaa kitini anizungumzie kama mzigo. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nausubiri mshindo huo na nilimchukia kwa kunisubirisha.

Ijumaa zilibaki kurasa za mwisho. Mume wangu alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kwenda Tukuyu, na asubuhi ile nilimwona anapiga pasi shati la kikao. Nilikwenda kazini nikiwa nimekwisha kupanga kichwani nguo zipi zitaingia kwenye sanduku.

Tulikuwa kwenye sura ya ng'ombe. Alisoma habari za majosho na za malisho ya kiangazi. Nikigonga, anaendelea. Halafu akanyamaza. Nilidhani anageuza ukurasa, lakini ukurasa hauchukui muda ule. Nikatazama prufu mbele yangu, sentensi inayofuata, nikaelewa kwa nini amenyamaza.

Mwishowe akaisoma, haraka, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. "Herufi kubwa. Ng'ombe asiyeshika mimba kwa muda mrefu asilishwe bure, nukta mkato, auzwe, mkato, na anunuliwe mwingine, nukta."

Kwenye prufu hapakuwa na "kwa muda mrefu". Mpangaji alikuwa ameyaruka. Ilinibidi nihakikishe. Ningeweza kuyaandika tu, nilikuwa nimeyasikia. Lakini alisoma haraka, na kazi yangu ni kazi yangu, na mfugaji atakayekisoma kitabu hiki angeuza ng'ombe wake aliyekaa miezi miwili tu bila mimba. Nilishika penseli. Machozi yalikuwa yamekwisha kujaa. Nikagonga mara mbili.

Nilisikia anavuta pumzi. Nikajiambia amekasirika, amedhani ninamsuta. Na mimi, kwa kweli, sijui kama sikuwa ninamsuta.

Akarudia. Safari hii pole pole, neno baada ya neno, sauti imeshuka mpaka kwenye "auzwe" sikuisikia vizuri. Sikugonga tena mara mbili. Niliandika maneno yaliyorukwa pembeni, nikafuta uso kwa kanga, nikagonga mara moja, akaendelea na sura ya migomba.

Sura ile ilikwisha kama saa tisa. Akasoma, "Mwisho," na kweli kwenye prufu pameandikwa MWISHO, na chini yake karatasi nyeupe. Nikagonga mara moja. Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Nilikuwa ninamsubiri ainuke, nisikie kiti, aondoke, nami nitoke kwa mlango wa nyuma nikapange sanduku.

Hakuinuka. Nikasikia koo linasafishwa.

"Aya mpya," akasema.

Nikarudisha karatasi mezani haraka. Nilidhani tumeruka kitu. Nikashika penseli, nikashuka nayo kwenye prufu chini ya lile neno MWISHO, natafuta mstari.

"Herufi kubwa. Mtu si ng'ombe, mkato, na nyumba yangu si zizi, nukta. Herufi kubwa. Jumapili hakuna kikao, nukta mkato, aliyekiitisha nimekwisha kumpelekea neno, nukta. Herufi kubwa. Mke wa mwanangu atakaa alipo, mkato, azae, mkato, asizae, nukta."

Sauti ilikuwa ile ile ya kusomea, haikupanda wala haikushuka. Mtu aliyekuwa anapita ukumbini angedhani bado tuko kwenye migomba. Penseli yangu ilikuwa bado inatafuta kwenye karatasi nyeupe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hayamo kitabuni, na kwamba mzee aliyekatazwa kusema na mimi alikuwa ameitafuta njia wiki nzima na kuipata hapo mwisho. Nililia kwa kubana mdomo na kanga, nisije nikasikika. Nilitamani kuzunguka ule ubao nikampigie goti la kwetu. Nilikaa.

Halafu nikagonga mara mbili.

Akaanza tena mwanzo, aya mpya, herufi kubwa, mtu si ng'ombe, na mikato yote mahali pake, mpaka akafika sentensi ya mwisho.

"Herufi kubwa. Binti yangu atakaa alipo, mkato, azae, mkato, asizae, nukta."

Kanuni ya kazi yetu inajulikana. Msomaji akisoma mara ya pili tofauti na mara ya kwanza, mwenye penseli anasimama hapo hapo na kumrudisha, mpaka ajue lipi ndilo. Nilikuwa nimeifuata kanuni hiyo kila siku ya kazi yangu.

Niligonga ubao mara moja.